Kabla hujang'arisha jino lililotibiwa mzizi

Jino langu moja la mbele lilianza kubadilika rangi baada ya kutibiwa mzizi, hadi likawa la kijivu kati ya wenzake. Nilitaka kuling'arisha, lakini nilihofia lisije likavunjika. Daktari hakunijibu mpaka alipotazama picha ya eksirei, nami nakushauri uanzie hapo hapo.

Kinachodhoofisha zaidi jino la namna hii ni ile sehemu iliyokwisha kuondoka: palipooza, na tundu lililotobolewa ili kuufikia mzizi. Kama kuta zilizobaki ni nene, jino lina nguvu za kutosha. Kama limebaki ganda tu, achana na weupe kwanza, uliza habari za kofia ya jino, yaani gamba gumu la kulifunika jino lote.

Weusi wenyewe mara nyingi hutoka ndani, kwenye mabaki ya damu na ya kiini kilichokufa, ile nyama laini yenye neva iliyo ndani ya jino. Ndiyo maana dawa hutiwa ndani ya jino, likazibwa kwa muda, na baada ya siku kadhaa dawa ikabadilishwa. Peroksaidi inayong'arisha hugusa pia kolajeni, protini inayoipa uimara dentini, ile tabaka ngumu iliyo chini ya gamba jeupe la jino, na madhara huongezeka kadiri dawa inavyokuwa kali na kukaa muda mrefu. Mimi nilichagua sodiamu perborati iliyokorogwa kwa maji. Ni ya polepole, lakini ni ya upole. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 au 35 inayochochewa kwa joto nisingeikubali kabisa: imehusishwa na kulika kwa mzizi karibu na ufizi, hasa kwa jino lililowahi kupata pigo. Uliza pia kama juu ya kijazio cha mzizi patawekwa kizuizi, milimita 2 hivi, ili dawa isipenye kwenda chini.

Rangi ikisharudi, usimharakishe daktari aweke kijazio cha kudumu. Oksijeni iliyobaki ndani ya jino huzuia kijazio kushika vizuri, kwa hiyo husubiriwa wiki moja au mbili. Najua inachosha! Lakini kijazio kilichoshika barabara ndicho kinachozishikilia kuta zile, na kabla hakijawekwa nilikuwa sing'ati kitu kigumu kwa jino hilo.

Baadaye rudi upigwe eksirei kila daktari anapokupangia, hata kama husikii chochote. Mzizi unaweza kulika kimyakimya, na jino lisilo na neva ndani yake huenda lisikuume likutahadharishe.