Friji ya gari: lita 40 au 60?

Mkuu, kwa watu wawili na siku tatu porini, lita 40 zinatosha. Ila iwe ya kompresa, yaani yenye pampu ya kupoza kama friji ya nyumbani. Zile nyepesi zisizo na kompresa hupoza nyuzi 20 hivi tu chini ya joto la nje, kwa hiyo kukiwa na 38 maziwa yatachacha.

Kinachosumbua wengi ni waya, wala si friji. Waya wa tundu la kiberiti cha sigara pale kwenye dashibodi ni mwembamba: volti zinashuka njiani, friji inadhani betri imeisha, inazima. Vuta waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye betri, fyuzi ya ampia 15 ikae jirani na betri. Kama huna betri ya pili, weka kinga ya betri (mpangilio wa friji unaoizima kabla betri haijaisha) kiwango cha juu, asubuhi gari liwake.

Pima pia kimo cha friji, mfuniko ukiwa wazi, uone kama inaenea garini.