Uliza Yaya: za kuogopesha na za wizi

Yaya, jambo. Miye niko mu komini ya Kenya, mega zangu za intaneti zinatosha filme moja tu wikendi hii. Dada yangu anataka ya kuogopesha, miye napenda ya bavolere, banapanga mupango banaingia mu banki. Juzi alichagua yeye, miye nikalala. Tufanye namna gani?

Mudogo (na msomaji wa mbali, kwetu yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto, na Kenya hii ni komini, sehemu ya mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, si nchi ya Nairobi), musigombane, Abigail ya 2024 inaenea nyinyi wote wawili. Watu sita wasiojuana wanaiba mtoto wa miaka 12, mcheza baleti, baba yake bosi mkubwa wa wahalifu, kazi yao ni kumchunga saa 24 ndani ya jumba moja mpaka dola milioni 50 zilipwe, basi. Kumbe mtoto ananyonya damu. Usinikasirikie eti nimeharibu, tangazo la filamu lenyewe lilishasema! Nilichopenda ni kwamba milango ikishajifunga wale watu bado wanafikiri kama wezi, wanatafuta dirisha, wanapanga mtego, wanadanganyana wao kwa wao, mtu aliyezoea kutafuta pa kuingilia leo anatafuta pa kutokea. Lakini ule mwisho, aïe, damu kama bomba la maji limepasuka barabarani na ngumi zisizoisha, hapo hata woga unakwisha unabaki kucheka.

Ingekuwa mega ni zangu ningechukua ya zamani kidogo, Don't Breathe ya Fede Álvarez, 2016. Vijana watatu wa Detroit wanaingia kwa mzee mmoja kipofu, mwanajeshi wa zamani, ana pesa alizolipwa baada ya binti yake kugongwa na gari akafa. Wanafikiri ni kazi rahisi. Mzee anazima taa kule chini ya nyumba na hapo njo wote wanakuwa vipofu, ila yeye giza ameshalizoea. Niliiangalia kwenye simu siku umeme umekatika mtaani, jirani akakohoa, nikaangusha simu. Musiangalie na wazazi lakini, kuna pahali ni pachafu kweli.

Mtoto wangu anasema ile Pantera ya wizi wa almasi ni hadithi ya kweli. Ananidanganya? Mama wa Kamalondo.

Nusu nusu, mama. Filamu, kwa Kiingereza Den of Thieves 2: Pantera, ni ya 2025, kwa Kifaransa itafute kwa jina la Criminal Squad: Pantera, na wizi mkubwa wameuhamishia Nice, Ufaransa. Ule wa kweli ulikuwa Antwerp, Ubelgiji, mwezi wa pili 2003, huko huko almasi zetu za Mbuji-Mayi, Kongo, zimeenda kuuzwa miaka na miaka. Mwitaliano Leonardo Notarbartolo alikodi ofisi mu jengo la wafanyabiashara wa almasi akajifanya mmoja wao zaidi ya miaka miwili, anaingia anatoka, halafu wikendi moja yeye na wenzake wakamaliza masanduku zaidi ya mia ya chumba cha chini, mali ya zaidi ya dola milioni 100. Unajua kilichowaponza? Takataka! Mmoja wao alitupa mifuko kando ya barabara, mwenye kile kipande cha msitu akakasirika akaita polisi, ndani mukakutwa karatasi za lile jengo na sandwichi iliyoliwa nusu. Filamu haina kitu kitamu kama hicho. Ila ile saa ya kuingia, watu wamenyamaza, kila mtu anaangalia saa yake, hiyo wameiweza, shida ni kungojea mpaka ifike, mwanzo ni mrefu sana.

Filme ya Baloji, Augure, ni ya kuogopesha ao hapana? Bengine banasema ni ya balozi. Mwanafunzi.

(Balozi kwetu ni wachawi, wa pwani msifikiri ni watu wa ubalozi.) Baloji mwenyewe kazaliwa hapa Lubumbashi, filamu kaipigia hapa na Kinshasa, na ilipata zawadi kwenye tamasha la filamu la Cannes 2023. Hakuna mzuka anayeruka kutoka kabatini. Kuna Koffi, amerudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake mzungu mwenye mimba, anapakata mtoto mchanga wa kwao, damu inamtoka puani inamdondokea mtoto, ndugu wanaona ni uchawi. Katika hizi zote nne, hapo njo niliogopa kweli, maana ukimya ule naujua, wajomba wakianza kuangaliana.