Usitoboe sakafu ya gari-nyumba kabla hujaingia uvunguni

Weka drili chini, mkuu. Nimesoma hapa jukwaani kwamba Jumamosi unakusudia kutoboa sakafu ya gari-nyumba lako hapo Dallas ili upitishe bomba la mashine ya kufyonza vumbi ya kujengewa, na kwamba muuzaji amekuhakikishia kuwa chini ya sakafu "hamna kitu, ni plaiwudi na povu tu". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, tena kwa tabasamu, na mtu ambaye naamini hajawahi kulala chali chini ya gari lolote, labda la kuchezea la mwanawe.

Mashine nilikwisha kuifunga ndani ya kabati la chini ya sinki. Lilibaki tundu moja tu la inchi 2 na robo, la kushushia bomba uvunguni ili likaibukie chumbani. Nikapima mara tatu, nikajiona fundi, nikawasha drili. Plaiwudi ikakatika, povu jeupe likatoka kama nazi iliyokunwa, kisha msumeno wa duara uliofungwa kwenye drili ukanasa ghafla, ukanisokota kiwiko, na harufu ya plastiki iliyoungua ikanipanda puani. Nilipouchomoa, meno yake yalikuwa yamezongwa na nyuzi za shaba na maganda ya waya ya rangi tano.

Uvungu wa mengi ya magari haya hufunikwa kwa bamba jembamba, na juu ya bamba hilo, mahali usipopaona, ndipo hupita fungu la nyaya linalotoka mbele kwenda nyuma, na kutegemea gari utakuta pia mabomba ya breki, bomba la petroli na matangi ya maji safi na machafu. Fungu nililolikata mimi lilibeba taa za nyuma pamoja na waya wa pampu ya petroli, ambayo katika gari langu imo ndani ya tangi, nyuma ya ekseli. Kwa hiyo gari lilikataa kuwaka nasi tuko kambini. Likavutwa maili 60, fundi akakaa siku 4 akiunga waya mmoja baada ya mwingine, nami nikalipa dola 2,640 kwa sababu ya mashine niliyoinunua dola 390. Mke wangu, ambaye hadi siku ile alikuwa akifagia kwa ufagio wa dola 10 bila kulalamika, hakusema neno, na afadhali angesema. Najifariji kwamba ningesogea kidogo kulia ningelitoboa tangi la choo, na leo ningekuwa naishi kwa shemeji.

Usitoboe mahali ambapo hujapaona kwa macho yako kutoka upande wa pili. Ondoa waya hasi wa betri, chomoa umeme wa kambi, fungua skrubu za bamba la uvunguni, uingie na tochi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Na kama gari lako ni la futi 30 hivi, tundu hulihitaji hata kidogo: ziko mashine ambazo mpira wake wa kufyonzea huchomekwa usoni mwa mashine yenyewe, ukavutwa hadi kitandani. Hilo muuzaji hakulitaja, maana mabomba na elbo za kuyapinda ndivyo vilivyokuwa vimejaa dukani kwake.

Na kama unafikiria kuiendesha kwa inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa volti 120, mashine ya kufyonza ya wati 1,200 huvuta ampea 10 kwenye umeme wa volti 120, lakini kwenye betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea 100. Subiri umeme wa kambi au wa jenereta ndipo uiwashe, na ukiwa na umeme wa ampea 30 zima kiyoyozi kwanza.

Piga picha ya uvungu, bamba likiwa limefunguliwa, uiweke hapa kabla ya Jumamosi.