Kesi ya watoto Ohio: kabla mdogo wako hajakimbilia mahakama ya shirikisho

Mkuu, pole. Umesema jaji wa jimbo kamnyima mdogo wako watoto, kampa mzazi mwenzake, na sasa mdogo wako anataka kumshtaki jaji huyo mahakama ya shirikisho kwa kuvunja haki zake za kikatiba. Mimi ni mkalimani kwa mawakili hapa Columbus, na madai ya aina hii nimeyaona yakifutwa hata kabla mdaiwa hajajibu.

Sisi tumezoea Mahakama Kuu iliyo juu ya zote za chini. Marekani mahakama za jimbo na za shirikisho zina ngazi mbili tofauti, na ile ya wilaya ya shirikisho, yaani ya ngazi ya kwanza, haisikilizi rufaa za jimbo. Kanuni ya Rooker-Feldman (kesi za 1923 na 1983) inamzuia aliyeshindwa jimboni kwenda huko kutaka hukumu itenguliwe, hata akiliita shauri lake la haki za binadamu. Kinachomuumbua ni ukurasa wa mwisho wa hati, penye maombi: "amri ifutwe, watoto nirudishiwe." Hiyo ni rufaa, basi. Na jaji wa shirikisho akiona hana mamlaka hufuta mwenyewe, bila kuombwa.

Kumshtaki jaji binafsi ndiyo kabisa. Mwaka 1971 jaji wa Indiana aliidhinisha binti wa miaka 15 afungwe kizazi, mwenyewe akiambiwa anatolewa kidole tumbo. Alipokuja kujua, akashtaki. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ikasema jaji ana kinga. Inakera, lakini ndiyo sheria mpaka leo.

Jimbo lenyewe nalo halidaiwi fidia huko, kwa sababu ya Rekebisho la 11 la Katiba. Milango iliyobaki ni kumshtaki ofisa ili aamriwe kuacha uvunjaji unaoendelea, kumdai ofisa binafsi fidia, au kulishtaki jiji, kama sera yake ndiyo iliyomuumiza. Kwa polisi aliyekupiga, sawa, na Ohio una miaka 2 ya kufungua shauri. Kwa amri ya malezi, hapana.

Ada ya kufungua shauri huko shirikisho ni dola 405. Bora aziweke kwenye rufaa ya jimbo, ambayo Ohio dirisha lake ni siku 30 tu. Hukumu ilitoka lini? Nijibu hilo kwanza, na leo hii apige simu ofisi ya msaada wa kisheria.