Soli za kupimiwa: nenda na viatu vyako vya zamani

Pole sana dada kwa hicho kisigino kinachouma asubuhi, na ulivyouliza kama fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) anaweza kukutengenezea soli za ndani za kupimiwa, ndio wengi wanafanya, ila usikubali ukanyage tu lile boksi la povu la kuchukua alama ya mguu halafu basi, lazima akuangalie unavyotembea peku na aone kifundo cha mguu kinavyojikunja. Beba viatu ulivyovaa sana, pale soli ilipolika panamwambia mengi. Hizo soli mpya zikija usizivae kutwa nzima, anza na lisaa limoja au mawili uongeze taratibu kama wiki 2 hivi. Zikikuchubua au goti likianza kuuma rudi zirekebishwe, usione aibu kabisa. Na mazoezi ya kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu usiyaache jamani.