Biashara mbili zimeanguka, nina miaka 41: je, nimechelewa?

Ndugu yangu, pole sana. Hujachelewa, ila sikuambii "komaa tu", maana wapo wanaokomaa na kosa lilelile miaka nenda rudi.

Mtazame Katalin Karikó, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria. Mwaka 1995, akiwa na miaka 40, alishushwa cheo chuoni kwa kuwa utafiti wake wa mRNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini mwilini) haukupata wafadhili. Wazo hakuliacha, lakini hakubaki peke yake nalo: alishirikiana na mtafiti wa kinga ya mwili, Drew Weissman, na mwaka 2005 wakachapisha ugunduzi uliokuja kusaidia chanjo za UVIKO-19. Tuzo ya Nobel ikaja 2023.

Kwa hiyo kabla hujakopa tena, fungua madaftari ya biashara zote mbili. Fedha zilivujia wapi? Kama ni kukopesha wateja wasiolipa, umri wako hauhusiki kabisa. Sababu ikijirudia kotekote, anza na hiyo. Mtaji wa safari hii uwe ule ambao ukipotea, watoto bado watakula. Na wanaokuhesabia miaka waache wahesabu (wengi wao hawajawahi kujaribu chochote).