Linki za picha kwenye Excel zimegoma? Soma anwani kabla hujagusa kitu

Simu ninazopigiwa na wenye maduka ya vipuri huanza hivi: "Kaka, picha zote zimefutika." Ukienda kuangalia, hazijafutika. Zimo kwenye folda yake, kila moja na jina lake. Iliyokufa ni linki.

Mpangilio wenyewe unafanana duka hadi duka. Orodha ya stoo iko kwenye Excel, safu ya kwanza namba ya kipuri, safu ya mwisho neno "Picha" lenye rangi ya bluu. Ukilibofya, picha inafunguka. Unasaidia sana pale mteja anapotaka "kile kidude cha mviringo chenye matundu mawili" na kijana wa kaunta hana hakika kama ni bushi au ni kitu kingine. Halafu siku moja kila ukibofya, Excel inajibu "Cannot open the specified file", na mtu anaanza kuunganisha picha upya moja baada ya nyingine. Acha kwanza. Hifadhi nakala ya faili pembeni, kisha tafuta chanzo.

Anza na picha yenyewe. Ifungue kwa mkono kutoka kwenye folda. Isipofunguka hata hapo, Excel haihusiki. Labda picha imetoka kwenye iPhone ikiwa ya HEIC, aina ambayo simu hizo zilianza kuitumia na iOS 11 mwaka 2017, na kompyuta nyingi za Windows haziifungui mpaka uongeze programu yake. Labda programu ya kutazamia picha imeondolewa. Bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua "Open with", weka nyingine iwe ya kudumu.

Picha ikifunguka vizuri, sasa soma anwani iliyomo ndani ya linki. Ukiweka mausi juu yake utaona kitu, lakini kile unachooneshwa mara nyingi ni anwani iliyokwisha kujazwa, si ile iliyoandikwa. Mimi husimama kwenye seli yenye linki, nikabonyeza Alt+F11, kisha Ctrl+G, na kwenye kidirisha kinachotokea chini naandika:

? ActiveCell.Hyperlinks(1).Address

Ukibonyeza Enter, unaona anwani kama ilivyohifadhiwa, na hapo ndipo mambo mengi hujulikana.

Excel ina desturi ambayo wengi hawaijui. Faili na picha zikiwa kwenye diski moja, haihifadhi njia nzima kuanzia C:. Inahifadhi njia ya kutokea pale faili lilipo. Ni sawa na kumwelekeza mgeni "nyumba ya tatu kutoka kwa Mangi": Mangi akihamisha duka, mgeni anapotea ingawa nyumba haijasogea hata hatua moja. Kwa hiyo ukilihamisha faili la Excel peke yake kutoka Documents kwenda Desktop, umezivunja linki zote. Lirudishe lilipokuwa, zitafufuka. Ukitaka kuhama, hamisha faili pamoja na folda ya picha.

Hapo hapo ndipo linapoingia tatizo la WhatsApp. Bosi anatumiwa faili la Excel peke yake, anabofya, hakuna kitu, analalamika. Linki haibebi picha. Hata ukiituma folda nzima ikiwa kwenye zipu, yaani faili moja lililobana mafaili mengi, mpokeaji aifungue yote kwanza. Akibofya Excel ikiwa bado ndani ya zipu, Windows inalitoa hilo faili tu na kuliweka kwenye folda ya muda, na picha zinabaki nyuma.

Ukiona kwenye anwani maneno "AppData\Roaming\Microsoft\Excel", hiyo ni kesi ya umeme. Kompyuta ilizimika ghafla, Excel ikarudisha nakala ya dharura kutoka kwenye folda yake ya siri, mtu akaihifadhi bila kuangalia, na linki zote zikahesabiwa kutokea kule. Ctrl+H haitakusaidia, kwa sababu inabadilisha maneno yanayoonekana kwenye seli tu, haigusi anwani ya linki iliyowekwa kwa Ctrl+K. Rudi kwenye kidirisha kile kile, uandike mstari huu mmoja, ukiweka njia zako mahali pa hizi zangu:

For Each h In ActiveSheet.Hyperlinks: h.Address = Replace(h.Address, "njia ya zamani", "njia mpya"): Next

Linki za shiti nzima zinabadilika kwa mara moja. Hakikisha ile nakala ya faili ipo kwanza, maana Ctrl+Z hairudishi kazi ya namna hii. Baada ya hapo nenda File, Options, Advanced, shuka hadi "Web Options", na kwenye "Files" uondoe tiki ya "Update links on save".

Zikigoma linki chache tu, tazama majina. Alama ya # ndani ya jina la faili inaichanganya Excel, inadhani jina limeishia hapo na kinachofuata ni mahali ndani ya faili. "Bushi #4.jpg" haitafunguka kamwe, iite "Bushi-4.jpg". Kuna pia "A102.jpg.jpg", ugonjwa wa kubadilisha jina wakati Windows inaficha herufi za mwisho. Washa "File name extensions" kwenye menyu ya View ya dirisha la folda utaziona. Na kama picha ziko kwenye flashi, angalia kama jana ilikuwa E: na leo ni F:.

Orodha mpya siku hizi siiwekei linki za mkono kabisa. Natumia fomula. Njia ya folda naiandika kwenye seli moja, tuseme H1, ikiishia na mkwaju kama D:\Stoo\Picha\, na picha zinaitwa kwa namba ya kipuri. Kisha:

=HYPERLINK($H$1&A2&".jpg","Picha")

Unaivuta hadi chini. Folda ikihama, nabadilisha H1 tu. Sharti lake ni nidhamu ya majina, na vijana wa stoo hulalamika wiki ya kwanza. Kwa wanaotaka kutazama kwenye simu, fomula hii haiwafai, kwa kuwa simu haina D:. Hao wawekewe picha mtandaoni kwenye folda ya pamoja, na linki iwe ya https.